Kumpiga picha kuhe kabla manjano yake hayajafifia

Kuhe, samaki wa Ziwa Tanganyika, akiwa majini Kigoma hapa ana manjano ya dhahabu na madoa meusi ubavuni. Mlaze juani kidogo tu, rangi inaanza kumtoka, na akishakufa hana tofauti na samaki wa kwenye beseni pale mwaloni Kibirizi. Mimi natengeneza simu mtaa wa Mwanga, na nikipata nafasi navua kwa fimbo ya nzi bandia, yaani chambo chepesi cha manyoya. Watu huniletea simu nzuri na picha mbovu, wakidhani kasoro ni kamera. Mara nyingi kasoro ilianzia kwenye fimbo: samaki alivutwa muda mrefu mno, akafika mkononi hoi.

Basi anza na fimbo. Nunua ya futi 9, namba 8. Namba inaeleza uzito wa mshipi inaoubeba, maana kwenye uvuvi huu chambo ni chepesi mno kujirusha chenyewe. Kinachoruka ni mshipi mnene, chambo kinafuata. Namba 5, ambayo Wazungu huitumia kwa trauti wa mitoni, inarusha vizuri sana, lakini kuhe mkubwa utamzungusha nayo mpaka aishiwe nguvu. Kuhe ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa jamii ya sato duniani, si wa kuchezea. Nailoni ya mbele iwe ya kuhimili kilo 7 hadi 9. Ukienda upande wa mto Malagarasi ongeza kipande cha waya kama shubiri moja, kwa sababu samaki aitwaye kibebe ana meno ya kukata nailoni yoyote. Na huko usiingie majini hata hadi magotini. Mto ule una mamba.

Mshipi uwe wa kuzama. Ziwa hili linafika kina cha mita 1,470, na kwenye kingo za mawe linashuka ghafla. Mshipi unaoelea utapita juu ya vichwa vya samaki wote.

Chambo changu ni cha mtindo wa Bob Clouser, Mmarekani wa Pennsylvania aliyekibuni miaka ya 1980 kwa samaki wa mto Susquehanna. Macho yake ya chuma hufungwa upande wa juu wa shina la ndoana, hivyo kikiingia majini kinapinduka, ncha inatazama juu na hainasi mawe ovyo. Kwa mawe ya kuelekea Katonga, hilo peke yake linatosha kunishawishi. Manyoya ya mkia wa kulungu hatuna, lakini manyoya meupe ya mbuzi yapo kwa mchinjaji yeyote, na nyuzi za kung'aa ziko kwenye maduka ya mapambo ya harusi. Funga kiwe chembamba, urefu wa kidole, mfano wa dagaa. Kisha bana kijino cha ndoana kwa koleo mpaka kilale, ili ndoana ichomoke kwa kugeuza mkono mara moja. Wavu wa kudakia uwe wa mpira, maana nyuzi zenye mafundo humkwangua samaki ute.

Sasa mwanga. Jua letu linachomoza kama dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, na linatokea nyuma ya vilima. Asubuhi, tangu saa moja na nusu hadi saa tatu, mpiga picha akiwa na mgongo upande wa nchi kavu na mvuvi akiwa majini anamtazama, mwanga unamwagika moja kwa moja ubavuni mwa samaki. Jioni mambo yanageuka: jua linazama upande wa Kongo, kila kitu mbele yako kinakuwa kivuli cheusi. Picha ya mtu akirusha mshipi ipige saa hiyo, ya samaki usijisumbue. Saa saba mchana jua liko utosini, kanywe chai.

Kiangazi upepo ukitoka kusini, ukilitazama ziwa unakupiga kutoka kushoto. Anayerusha kwa mkono wa kulia yuko salama, mshipi unasukumwa mbali naye. Wa mkono wa kushoto ajihadhari, ndoana inakuja sikioni.

Simu ifungwe kamba shingoni. Usiamini maandishi kwamba haiingii maji: raba za ndani huzeeka, na simu iliyowahi kufunguliwa kwa fundi kinga yake haina uhakika tena. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu kila mara, maana ute na mafuta ya vidole ndiyo "ukungu" ambao watu hunilipa niutoe. Zima flashi. Samaki mweupe kama sangara anaakisi mwanga kama kioo, hivyo mguse kwenye skrini kisha teremsha ule mwanga kidogo. Ukitaka kumwonyesha akiwa bado majini, weka miwani ya jua ya polaroidi mbele ya lenzi, izungushe taratibu mpaka mng'aro ufe.

Samaki abaki ndani ya wavu, majini, mpaka mwenzako aseme "tayari". Lowesha mikono. Mkono mmoja ushike shina la mkia, mwingine umkinge chini ya kifua, vidole visiguse matamvua. Mwinue huku umebana pumzi. Wewe ukihitaji hewa, naye anahitaji maji. Mwenzako abonyeze mfululizo, achague baadaye. Kumsukuma samaki mbele ya lenzi aonekane nyangumi, acha, vidole vyako vinakuumbua.

Ukiwaona kuhe wawili wamesimama juu ya kundi la vifaranga, usiwarushie. Dume na jike hulinda watoto pamoja, na ukimtoa mmoja walaji wanaingia. Zima kwanza mahali (location) kwenye mipangilio ya kamera, ndipo uwapige picha kutoka juu na uitume bila ramani, wasije wakafuatwa hapo. Leseni na tarehe za kufungwa ziwa uliza kwa afisa uvuvi kabla ya kutoka. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.