Maneno Magumu ya Kiingereza: Jinsi ya Kuyajifunza Yakakaa Kichwani

Mwanafunzi anaweza kukariri kwamba *mitigate* ni "kupunguza", akapata alama zote kwenye zoezi la kuoanisha maneno na maana, kisha kwenye insha akaandika *mitigate the number of students*. Kamusi yake haikumdanganya, lakini sentensi imekosewa. Idadi hupunguzwa kwa *reduce*. Neno *mitigate* hukaa na madhara, athari na hatari: *mitigate the effects of drought*, *mitigate the risk*. Wengi hukwama hapo. Wana tafsiri ya neno, hawajui neno hilo huandamana na maneno gani.

Maelekezo haya yanamfaa mtu ambaye Kiingereza cha kawaida amekwisha kukimudu: anasoma habari za gazeti akaelewa, anaandika barua pepe ya kazini, lakini anakwama kwenye vitabu vya chuo, ripoti nzito au mitihani ya kimataifa ya Kiingereza kama IELTS.

Maneno gani ujifunze

Usianze na orodha za "maneno 1,000 magumu" zinazozunguka mtandaoni. Zimejaa maneno ambayo hata msomaji hodari hukutana nayo mara moja kwa miaka. Mahali pazuri pa kuanzia ni orodha ya maneno ya kitaaluma iliyochapishwa na Averil Coxhead wa Nyuzilandi mwaka 2000. Ina jamaa za maneno 570, zilizopatikana kwa kuchambua matini za vyuo vikuu zenye jumla ya maneno milioni 3.5. Jamaa moja ni neno pamoja na ndugu zake: *analyse, analysis, analyst, analytical*. Katika matini hizo za kitaaluma, maneno ya orodha hiyo ni karibu moja kati ya kila kumi. Imegawanywa katika mafungu 10, na fungu la kwanza ndilo lenye maneno yanayotumika zaidi, kama *assess, derive, indicate, interpret, significant*. Orodha inapatikana bure mtandaoni. Ila kama lengo lako ni kusoma riwaya, haitakusaidia sana, kwa sababu katika riwaya maneno hayo ni machache mno.

Chanzo cha pili, na kwa maoni yetu ndicho bora zaidi, ni yale unayoyasoma mwenyewe. Hapa kuna kanuni mbili za kufuata. Kwanza, neno lipewe kadi ya kujifunzia (tutaieleza mbele) baada ya kukutana nalo mara mbili sehemu tofauti. Mara ya kwanza lipigie mstari tu uendelee. Pili, pima ugumu wa matini kabla ya kuingia. Chukua ukurasa wenye maneno kama 300, uhesabu usiyoyajua. Yakiwa 6 au pungufu, unaelewa asilimia 98 na utaweza kukisia mengi kutokana na muktadha. Yakizidi 15, umeshuka chini ya asilimia 95, na hapo kukisia hakufanyi kazi, maana hata maneno ya kukusaidia kukisia huyajui. Weka matini hiyo kando kwa miezi michache.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna njia rahisi ya kushusha ugumu. Soma kwanza habari ileile kwa Kiswahili kwenye Mwananchi au Taifa Leo, kisha uisome kwa Kiingereza kwenye The Citizen au Daily Nation. Ukishajua kilichotokea bungeni, neno kama *adjourn* au *amendment* linajieleza lenyewe. Tahariri zina faida zaidi kuliko habari fupi, kwa kuwa huko ndiko hoja zinakojengwa na ndiko maneno mazito yanakotumika.

Kulichunguza neno moja kikamilifu

Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili inatosha kukupa mwanga wa kwanza. Baada ya hapo fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa lugha. Ya Longman hueleza maana kwa kutumia maneno ya msingi yapatayo 2,000, hivyo hutapelekwa kutoka neno gumu moja hadi jingine. Za Oxford na Cambridge zipo bure mtandaoni, zikiwa na sauti ya matamshi. Kamusi zilizoandikwa kwa wenye lugha yao usizitumie kwa kazi hii. Kwa kawaida hazikuonyeshi namna ya kulitumia neno.

Tuchukue *exacerbate*. Tafsiri yake ni kuzidisha au kukoleza, lakini kuna masharti: kinachozidishwa lazima kiwe kibaya tangu awali. *Exacerbate the problem, the crisis, tensions, the shortage.* Furaha haizidishwi kwa *exacerbate*. Ni kitenzi kinachohitaji yambwa, yaani kitu kinachotendwa, kwa hiyo huwezi kusema *the problem exacerbated*. Sema *the problem was exacerbated by…*, au tumia *worsened*. Nomino yake ni *exacerbation*. Kinyume chake ni *alleviate*. Linatamkwa "ig-ZA-sa-beit", mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili. Kazi hii huchukua dakika tatu au nne kwa neno. Ukiiruka, kadi yako itakuwa na tafsiri tupu, na utarudi kwenye kosa la *mitigate*.

Alama ndogo za kamusi zisomwe pia. Alama ya nomino isiyohesabika ndiyo inayokuepusha na *evidences, equipments, researches* na *advices*, makosa ambayo msahihishaji huyaona mara moja. Neno *formal* linakuonya kwamba *commence* inafaa kwenye hotuba rasmi, si kwenye ujumbe wa simu. Neno *disapproving* maana yake neno lina lawama ndani yake: *notorious* ni mashuhuri kwa ubaya, na ukimwita mwalimu wako *a notorious teacher* umemtukana.

Kadi na ratiba

Karatasi ngumu ya manila ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa hutoa kadi 8 za ukubwa unaotosha. Mbele usiandike neno likiwa peke yake. Andika sentensi yenye pengo, na herufi ya kwanza ya neno:

*The drought has e\_\_\_\_\_\_\_\_ food shortages in the north.*

Nyuma andika *exacerbated*, maana kwa Kiswahili kwa maneno machache, mkazo, na maneno mawili matatu yanayoandamana nalo. Kadi ya namna hii inakulazimisha ulitoe neno kichwani mwako likiwa ndani ya sentensi, na hivyo ndivyo utakavyolihitaji kwenye mtihani au mkutano. Kulitambua neno ukiliona ni rahisi. Kulikumbuka usipoliona ndiko kugumu, na ndiko kunakopaswa kufanyiwa mazoezi.

Kwa marudio, tumia boksi lenye vyumba vitano, mtindo ulioenezwa na Sebastian Leitner mwaka 1972. Chumba cha kwanza hupitiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku 3, cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano mara moja kwa mwezi. Ukipata, kadi inasonga chumba kinachofuata. Ukikosa, inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa imefika cha tano. Kwenye simu, programu ya Anki hufanya hesabu hii yenyewe, na ni bure kwenye Android na kwenye kompyuta.

Idadi ya maneno mapya iwe 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Watu wengi huona ni kidogo wakaanza na 20, na wanaachia njiani kabla ya mwezi kwisha. Sababu ni hesabu tu. Kila kadi inapitiwa angalau mara 5, kwa hiyo maneno mapya 5 kwa siku huzaa marudio kama 25, ukijumlisha yaliyorudi nyuma yawe 30, kazi ya robo saa. Maneno 20 huzaa marudio zaidi ya 100 kila siku, karibu saa nzima, na ukikosa siku mbili tu deni halilipiki. Kwa mwendo wa 25 kwa wiki, jamaa zote 570 zinakwisha kwa wiki 23.

Maneno yanayogombana

Usijifunze siku moja maneno yanayofanana sura au maana. *Affect* na *effect*, *adverse* na *averse*, *imply* na *infer*, *economic* na *economical*: ukiyaingiza pamoja yatachanganyika, na miezi baadaye utakuwa bado unasita lipi ni lipi. Ingiza moja, liache likomae kwa wiki mbili tatu hadi lifike chumba cha nne, ndipo ulete la pili. Vitabu vingi vya tuisheni hupanga visawe kumi kwenye ukurasa mmoja. Mpangilio huo unafaa kwa marudio, haufai kwa mara ya kwanza.

Visawe vikusanywe vikiwa vimeshajulikana kimoja kimoja. Hapo ndipo unafanya kazi yenye faida kubwa: kuchukua kitenzi kimoja cha Kiswahili na kuangalia Kiingereza kimekigawaje. Chukua "kupunguza". *Reduce* hukaa na karibu kila kinachopimika, iwe bei, kasi au idadi. *Alleviate* ni ya mateso: maumivu, umaskini, msongamano. *Curb* ni kukishika kitu kinachovuka mipaka: mfumuko wa bei, rushwa, magendo. *Curtail* ni kukata sehemu ya kitu ambacho mtu alikuwa nacho, hasa haki, uhuru au mamlaka: *curtail the powers of the board*. *Diminish* hugusa thamani, umuhimu na heshima, na huweza pia kusimama bila yambwa. *Abate*, katika matumizi ya kawaida, ni "kupungua" na haihitaji wa kuipunguza: *the storm abated*. Fanya vivyo hivyo kwa "kuonyesha", "kuongeza", "kusababisha" na "kuzuia". Vitenzi hivi vitano hutumika sana katika uandishi wa kitaaluma.

Vihusishi navyo vinahitaji jicho, kwa sababu Kiswahili kinatusukuma kuongeza visivyotakiwa. Tunajadili "kuhusu" jambo, tukaandika *discuss about*; tunatilia mkazo "kwenye" jambo, tukaandika *emphasise on*. Vitenzi *discuss, emphasise, await* na *request* hupokea yambwa moja kwa moja. Kwa upande mwingine, vivumishi vingi vizito haviachani na kihusishi chake: *susceptible to, conducive to, devoid of, contingent on*. Kwenye kadi viandike kama kitu kimoja, kamwe usiandike *susceptible* bila *to*.

Viambishi, na pale vinapodanganya

Kujua asili ya Kilatini na Kigiriki kunakupa funguo. *Bene-* ni wema na *mal-* ni ubaya: *benevolent, malevolent, malnutrition*. *Circum-* ni kuzunguka: *circumvent* ni kukwepa kikwazo kwa kukizunguka. *Ante-* ni kabla na *anti-* ni dhidi ya, ndiyo maana kliniki ya wajawazito ni *antenatal* na dawa ya bakteria ni *antibiotic*. Viambishi 30 hivi vinatosha.

Vitumie kukumbukia neno ulilolithibitisha kwenye kamusi, usivitumie kukisia tu. *Invaluable* ni chenye thamani isiyokadirika, si kisicho na thamani. *Inflammable* huwaka kwa urahisi, na mtu akilikosea hilo kwenye lebo ya kopo la rangi anaweza kuungua.

Matamshi

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima. Kiingereza huuhamisha ndani ya jamaa moja: A-nalyse, a-NA-lysis, ana-LY-tical. Mkazo ukikosewa, msikilizaji anaweza asilitambue neno hata kama kila herufi umeitamka vizuri. Sikiliza sauti ya kamusi, rudia mara tatu kwa sauti, halafu piga mstari chini ya silabi yenye mkazo kwenye kadi. Kuwa makini pia na herufi zisizotamkwa au zinazotamkwa usivyotarajia: *subtle* haina sauti ya b, *debris* haimaliziki kwa s, *indict* husomeka "in-dait", na *epitome* ina silabi nne, "i-PI-to-mi".

Kuyatumia, na kadi zinazokataa

Mwisho wa wiki andika aya moja ya sentensi 6 hadi 8 kuhusu jambo unalolijua, yaani kazi yako, somo lako au tatizo la mtaani kwako, ukitumia maneno 5 ya wiki hiyo. Yasizidi hayo, la sivyo aya itakuwa mzigo kwa msomaji. Ukitilia shaka mwandamano wa maneno, utafute mtandaoni ukiwa ndani ya alama za kunukuu, uangalie nani wameuandika. Ukiukuta kwenye magazeti na machapisho ya vyuo, uko salama. Usipouona popote, rudi kwenye mifano ya kamusi. Jizuie pia kubadilisha kila neno jepesi kuwa zito: *use* ni nzuri kuliko *utilise* karibu kila mahali.

Kadi iliyorudi chumba cha kwanza mara sita usiendelee kuipiga. Itoe uitazame. Huenda sentensi yake haikukuelea vizuri tangu mwanzo. Iandike upya kwa jambo la karibu nawe. Huenda inagombana na kadi nyingine inayofanana nayo. Ondoa mojawapo kwa mwezi. Na kama neno hujawahi kulikuta popote isipokuwa kwenye orodha, chana kadi. Ukikutana nalo tena mara mbili kwenye usomaji wako, liandikie kadi mpya kwa sentensi uliyolikuta nayo huko.