Siku Moja ya Kutazama Ndege wa Matopeni, Sabaki na Mida

Anayetaka kuona ndege wa matopeni katika pwani ya Malindi na Watamu aulize kwanza habari za maji, kwa kuwa ndege hawa hufuata kupwa na kujaa kuliko wanavyofuata mapambazuko. Chagua siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, kati ya Septemba na Aprili. Siku kama hiyo bahari hupwa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni.

Asubuhi nenda mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, ukiongozana na mwenyeji, maana mtoni kuna viboko. Usikawie huko, kwani maji yakiwa mbali, ndege nao huwa mbali.

Saa saba mchana uwe umeshafika Mida, hori la bahari karibu na Watamu, kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia. Bahari iko mashariki, hivyo jua la alasiri litakuwa mgongoni mwako na rangi za manyoya zitaonekana vizuri. Darubini ya mkononi yatosha, ingawa ile ya miguu mitatu ni bora zaidi. Usishuke topeni, hasa ukiwa umevaa ndala, kwani utarudi na mguu mtupu.

Maji yanapopanda, tope hupungua na ndege husogea wakikukaribia. Mtafute kwanza mla-kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mfano wa jambia. Humkamata kaa, akamtikisa mpaka miguu ikatoke, ndipo akammeza. Mara nyingi utamwona kinda, wa kijivu, akimfuata mzazi na kulilia chakula, ijapokuwa wametoka mbali: ndege huyu hutaga katika mashimo ya mchangani kwenye visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba. Kitwitwi anayekimbia ameinama, mdomo umepinda kwenda juu, huzaliana Urusi; yule ambaye mdomo wake umepinda kwenda chini, na ambaye mwezi wa Aprili kifua chake huwa chekundu, hutoka Siberia.

Tope likishafunikwa, kundi huruka lenyewe kwenda kupumzika. Kaa kibandani mpaka liondoke, kwani ndege anayeshtushwa mara kwa mara huchoma mafuta anayoyahitaji kwa safari ya kurudi.