Kutoa polisakaridi za okidi na kupima nguvu zake za antioksidanti

Vipimo vingi vya okidi za dawa huharibiwa na fenoli zilizobaki kwenye unga. Fenoli, kemikali za mimea zisizo sukari, zenyewe ni antioksidanti kali (huzima chembe haribifu ziitwazo radikali huru), na sifa zake huishia kupewa polisakaridi, yaani sukari za minyororo mirefu. Ziondoe kwanza.

Tumia mashina makavu ya Dendrobium officinale yaliyopandwa shambani. Usiguse okidi za msitu wa Kakamega: jamii nzima ya okidi inalindwa na CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Saga, chekecha, pima gramu 10. Loweka kwenye mililita 100 za ethanoli ya asilimia 80, nyuzi 60, saa 2, mbali na moto wazi. Chuja, kisha rudia mpaka ethanoli itoke bila rangi. Anika mpaka harufu ya spiriti iishe.

Tia mililita 300 za maji yaliyokenekwa, weka nyuzi 85 kwa saa 2 ukikoroga. Nakuru maji huchemka karibu nyuzi 94, Kisumu karibu 96, kwa hiyo maelekezo ya nyuzi 100 hayafikiki kwa chombo kilicho wazi, na 85 zinatosha. Mchanganyiko utavutika kama mrenda na kuziba karatasi ya chujio. Upitishe kwanza kwenye kitambaa cha pamba, halafu kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili mashapo yatengane na maji), ubaki na maji. Magadi au munyu wa majivu usitie kabisa kulegeza ute huo: alkali hung'oa asetili, vikundi vidogo vya kemikali vilivyoshikamana na sukari zake, na utakuwa unapima kitu kingine.

Punguza maji hadi mililita 60. Mimina mililita 240 za ethanoli ya asilimia 95 pole pole, ukikoroga, mpaka nyuzinyuzi nyeupe zielee. Ukimimina kwa pupa yanatokea mabonge yenye protini ndani. Weka kwenye friji usiku kucha, zungusha kwenye sentrifuji, kausha mashapo. Unga hufyonza unyevu upesi, hasa karibu na ziwa. Uhifadhi pamoja na silika jeli, punje za kunyonya unyevu.

Kwa kipimo, yeyusha miligramu 3.9 za DPPH (radikali ya zambarau inayofifia ikizimwa na antioksidanti) katika mililita 100 za ethanoli. Changanya mililita 2 zake na mililita 2 za mmumunyo wa polisakaridi (miligramu 0.5, 1, 2 na 4 kwa mililita), acha gizani dakika 30, soma ufyonzaji wa mwanga kwa spektrofotomita kwenye nanomita 517. Hapa ndipo wengi hukwama: ethanoli huweza kuigandisha polisakaridi tena, ukungu ukazuia mwanga, na nguvu zikaonekana ndogo kuliko zilivyo. Zungusha kwenye sentrifuji kabla ya kusoma, na kila kiwango kiwe na tupu yake, yaani mmumunyo na ethanoli bila DPPH. Kontroli ni maji na DPPH.

Asilimia ya DPPH iliyozimwa = [1 − (sampuli − tupu) ÷ kontroli] × 100

Linganisha na vitamini C. Kisha pima unga uleule kwa kitendanishi cha Folin, kinachogeuka buluu penye fenoli; rangi ya buluu ikikolea, rudi kwenye kuosha kwa ethanoli kabla ya kuandika matokeo yoyote.