Panga kwa maji, si kwa saa

Hapa Lamu, nahodha anayepeleka mzigo kisiwani Pate haanzi na "tuondoke saa ngapi?" Huuliza maji yanajaa lini, maana pale Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, hapapitiki vizuri maji yakitoka, na kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Iga hilo: tafuta kwanza jambo usiloweza kulisogeza, ndipo upange mengine kulifuata. Mwenye duka ajaze unga na sukari kabla upepo wa kusi haujachafua bahari (wengine hungoja rafu ziwe tupu!). Kwenye mashindano ya mashua, wa kukaa ubaoni, kwenye ubao unaotoka nje ya mashua ili isilale upande, hujulikana kabla tanga halijapandishwa. Kazini mimi huandika siku ya mwisho kwanza, kisha narudi kinyumenyume hadi leo.