Kuvuna maji ya mvua ya kunywa, kwa sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru

Binti yangu wa kwanza alipokwenda sekondari ya bweni, wenzake walimwambia hapigi mswaki. Akarudi likizo na mkaa na chumvi amevifunga kwenye karatasi, akawa anajificha nyuma ya banda la ng'ombe anasugua meno mpaka fizi zinatoka damu. Ile rangi ya kahawia haikutoka, maana haiko juu ya jino, imo ndani yake. Iliingia na maji niliyompa mimi mwenyewe tangu nilipomwachisha ziwa.

Maji ya huku Arumeru yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi, madini ambayo yakizidi ndiyo yanayotia meno ya watoto ile kahawia. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, sasa nasi tumeshuka hadi 1.5, lakini visima na vijito vingi vya huku viko juu ya hapo. Na floraidi haionekani, hainuki, haina ladha. Maji meupe pee ya kisima yanaweza kuwa nayo tele.

Kuchemsha, tulikofundishwa tangu shule ya msingi, kunaua vijidudu tu. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi ukali. Chukua makande. Unatia maji yanakauka, unaongeza yanakauka, unaongeza tena. Floraidi ya maji yote hayo imebaki kwenye mahindi na maharage. Ukitia na magadi ili yaive upesi, umeongeza nyingine, kwa sababu magadi ya huku nayo yanayo.

Mvua haijapita kwenye mwamba wowote, kwa hiyo ndiyo niliyoikimbilia.

Anza na hesabu kabla hujamwita fundi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Nyumba yangu ni mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 inanipa lita 480; toa sehemu moja ya tano inayomwagika na kukauka, zinabaki kama 380. Sasa upande wa matumizi: tuko watano, na kwa kunywa na kupika tunatumia lita 20 kwa siku. Kiangazi cha kuanzia Juni hadi Oktoba ni siku 150 hivi, kwa hiyo lita 3,000. Nilinunua tangi la lita 5,000 ili vuli ikichelewa nisihangaike.

Tangi lenye lita 5,000 lina uzito wa tani 5. Fundi wangu wa kwanza aliliweka juu ya matofali yaliyopangwa bila zege, masika ilipokolea ardhi ikalainika upande mmoja, tangi likainama na koki ikapasuka. Niliamka asubuhi nikakuta uwanja mzima umelowa na tangi tupu. Chimba msingi, weka mawe, mwaga zege, subiri likomae. Hapo usibane matumizi.

Gata iwe na mteremko kidogo, sentimita 4 kwa urefu wa mita 8 zinatosha. Vuta uzi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kabla ya kupiga misumari. Ikilala sawa, maji yatatuama na mbu watazaa humo. Matawi yanayoning'inia juu ya bati yakate, ndege hawatuulizi wanapotua.

Sasa sehemu ambayo wengi wanairuka: maji ya kwanza yasiingie tangini. Mvua ya mwanzo inaosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Mimi kila upande wa paa nimeweka tii, yaani kiungo cha bomba chenye midomo mitatu, kwenye bomba linalokwenda tangini, na chini ya tii nikashusha bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 2, limezibwa mwisho. Linabeba kama lita 16. Maji machafu yanalijaza kwanza, likishajaa ndipo yanayofuata yanapita juu kwenda tangini. Kwenye kizibo nimetoboa tundu la msumari mdogo ili bomba lijimwage lenyewe mvua ikikatika. Kama huna hela ya bomba, fanya kama mama mkwe wangu: bomba la kuingilia tangini analigeuzia pembeni, mvua ikishapiga dakika kumi na tano anatoka na mwavuli wake kulirudisha.

Mdomo wa tangi na bomba la kumwagia ziada, funga wavu wa mbu. Tangi liwe la rangi nyeusi na mfuniko ukae imara, mwanga ukiingia maji yanaota ukijani. Mwezi wa pili, kabla ya masika, lisugue ndani.

Maji ya mvua hayana floraidi ya kutusumbua, lakini vijidudu vinaweza kuwamo. Ya kunywa yachemshe yatokote dakika nzima, au tia klorini kama pakiti inavyoelekeza, usubiri nusu saa.

Ndani ya nyumba tenganisha vyombo. Kwetu dumu la njano ni la bomba: kufua, kuoga, mifugo. Ndoo ya bluu yenye koki ni ya mvua: kunywa, chai, uji, ugali, mboga. Wageni wanaambiwa mlangoni.

Wapo wanaochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo miaka mingi. Unafanya kazi kweli, ila mifupa ikichomwa vibaya maji yananuka, na mkaa ukichoka hutajua mpaka upime.

Kama hela inatosha tangi la lita 1,000 tu, nunua hilo hilo, usisubiri. Wape kwanza watoto walio chini ya miaka 8, kwa sababu ndio ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi. Lita 4 kwa siku kwa mtoto mmoja, za kunywa na za uji wake, tangi hilo litamfikisha siku 250. Mdogo wake binti yangu tulimlea hivyo, na meno yake ni meupe.