Noa kwanza, ndipo uiguse mbao ya mvule

Mtu akinunua mbao za mvule pale Ndeeba, Kampala, akazifikisha nyumbani na kuanza kupiga randa, mara nyingi uso wa mbao hulainika sehemu moja na kuchanika sehemu ya pili. Lawama huenda kwa muuza mbao. Lakini mvule ndivyo ulivyo: nyuzi zake zimepishana, safu moja imelalia huku na nyingine kule, na wakati mwingine ndani yake mna chokaa iliyogandamana ikawa jiwe. Kisu butu hakiwezi kukata nyuzi za namna hiyo, kinazing'oa. Mbao laini kama musizi au msonobari, ukizifuata nyuzi zake, humvumilia mwenye kisu butu, na ndiyo maana wengi hufanya kazi miaka mingi wakiamini vifaa vyao ni vikali.

Kabla ya kutoa pesa kwa mashine ya umeme, jifunze kunoa. Huu ndio ufundi unaotangulia ufundi mwingine wote wa seremala, na hauhitaji vitu vya gharama.

Tafuta kipande cha kioo chenye unene wa milimita 6 au zaidi. Wanaofunga madirisha ya alumini huwa na mabaki. Nunua msasa wa maji, ule mweusi wa wapiga rangi wa magari, namba 240, 400, 800 na 1500. Ongeza kipande cha mkanda wa ngozi ukibandike kwa gundi juu ya ubao ulionyooka, dawa ya kung'arishia chuma, kalamu ya maka na chupa ya maji. Lowesha kioo, laza msasa juu yake, nao utashika wenyewe.

Hatua ya kwanza: mgongo

Hapa ndipo wengi wanaparuka, na hapa ndipo ninapokuomba utulie. Makali ni mahali nyuso mbili za chuma zinapokutana: mteremko wa mbele na mgongo bapa wa nyuma. Ukinoa mteremko peke yake huku mgongo una mikwaruzo, makali yatakuwa na meno madogo usiyoyaona, na kila jino litaacha mstari kwenye mbao. Patasi mpya ya dukani usiiamini. Igeuze kwenye mwanga uone mistari iliyoachwa na mashine ya kiwandani.

Paka wino wa maka kwenye mgongo, karibu na makali. Laza patasi bapa kabisa juu ya msasa namba 240, bonyeza kwa vidole viwili karibu na ncha, usugue mbele na nyuma mara chache. Tazama. Palipobaki wino pamebonyea. Endelea mpaka wino uishe pote, hasa ile milimita ya mwisho inayogusa makali. Huna haja ya kusawazisha mgongo wote, sentimita 2 au 3 zinatosha. Usiinue mpini hata kidogo, kwa sababu ukiuinua utauviringisha mgongo na kazi itarudi mwanzo. Panda namba baada ya namba hadi 1500, mpaka chuma kikuonyeshe sura yako.

Inachosha, najua. Lakini kwa kila kifaa unaifanya mara moja tu, na baada ya hapo ni kugusa kidogo.

Hatua ya pili: pembe

Patasi ya kazi za kawaida hunolewa kwa pembe ya nyuzi (digrii) 25. Kwa mvule na mbao nyingine ngumu napendelea nyuzi 30, maana makali membamba mno huvunjika. Kama huna kifaa cha kupimia pembe, pima unene wa chuma, kisha urefu wa mteremko. Mteremko ukiwa mara 2 ya unene, hizo ni nyuzi 30. Ukiwa karibu mara 2.4, ni nyuzi 25.

Kama makali yamemeguka, itabidi yasagwe kwenye grinda. Wahunzi wa Katwe watakusagia, lakini simama pale uangalie. Chuma kichovywe kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Ukiona ncha imegeuka buluu, imepoteza ugumu wake, na sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka isagwe yote iondoke.

Hatua ya tatu: mteremko

Weka mteremko juu ya msasa, uutikise taratibu mpaka uhisi umelala wote. Kaza viganja, bana viwiko ubavuni, kisha vuta kwa mwili wote kurudi nyuma. Kuvuta tu, ukisukuma, makali yatachana msasa.

Kila namba ya msasa ina kazi moja: kutoa kiukingo chembamba cha chuma kinachojikunja upande wa mgongo. Kitafute kwa kidole gumba, ukikivuta kutoka mgongoni kuelekea nje ya ncha. Usipitishe kidole kwa kuyafuata makali. Kiukingo kikisikika upana wote, namba hiyo imemaliza kazi. Kikikosekana kwenye kona moja, usipande namba nyingine.

Ukifika 1500, laza mgongo bapa uvute mara chache, geuza mteremko, rudia, mpaka kiukingo kidondoke. Malizia kwenye ngozi iliyopakwa dawa, ukivuta nyuma tu.

Jaribio la unyoaji wa nywele za mkono halinitoshi. Chukua kichwa cha ubao wa msonobari, pale nyuzi zinapotazama juu, ukate kipande chembamba. Patasi kali huacha uso unaong'aa. Iliyo butu huziponda nyuzi na kuacha vumbi jeupe.

Randa

Kisu cha randa kinanolewa vilevile. Ukikifunga, angalia lile bati la juu linalovunja maranda: ukingo wake lazima uguse kisu bila mwanya wowote, la sivyo maranda yatajibana humo. Kwa kazi ya haraka liache milimita 1 au zaidi nyuma ya makali. Kwa mvule lisogeze mpaka karibu nusu milimita, toa kisu kidogo sana, na usugue soli ya randa kwa mshumaa. Maranda yatoke membamba. Pakibaki doa linalochanika, likwangue kwa kipande cha bati la msumeno mkuukuu kilichonyooshwa ukingo kwa tupa. Vaa barakoa muda wote, kwa kuwa vumbi la mvule huwasha ngozi na kusumbua mapafu.

Kutu

Kwa sisi tunaokaa karibu na ziwa, Jinja, Entebbe au Kampala, adui mkubwa ni unyevu, hasa miezi ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Usilaze kifaa juu ya sakafu ya saruji wala usikifungie sanduku moja na mbao mbichi. Jasho la mikono nalo lina chumvi, kwa hiyo futa chuma baada ya kazi, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasitumike, huganda yakawa utando unaonata.

Kifaa kilichokwisha kushika kutu kilaze kwenye siki usiku mmoja, kisugue kwa brashi ya waya, kisuuze kwa maji yenye soda ya kuokea, kikaushe vizuri na ukipake mafuta papo hapo. Ukikiacha kilowe hata nusu saa, kutu itaanza upya.

Msumeno wenye meno yaliyopigwa moto, yale yenye ncha za rangi nyeusi, haunoleki. Tupa itateleza tu juu yake. Ule wa zamani noa kwa tupa ya pembetatu.

Ukiwa kazini na mvule, iweke ile ngozi juu ya meza, karibu na mkono. Randa ikianza kudai nguvu zaidi, au mlio wake ukibadilika, simama, fungua kisu, kivute kwenye ngozi mara kumi hivi. Ngozi ikishindwa, rudi kwenye msasa namba 800.