Chumba cha ghafla pwani ya Unguja msimu wa wageni: mambo ya kuzingatia kabla hujatoka mjini

Kama umekodi gari uzunguke pwani ya Unguja mwishoni mwa Disemba, na mpango wako wa kulala ni "tutaangalia tukifika", soma hapa kwanza. Nimekaa mapokezi kwenye nyumba za wageni upande wa Bwejuu kwa miaka, na kila msimu nawaona watu wazima, wenye pesa zao mfukoni, wanagonga geti usiku mkubwa na watoto wamelala begani. Kumwambia mama mwenye mtoto mchanga kwamba hakuna chumba ni kazi ngumu kuliko zote za mapokezi. Na mara nyingi shida yenyewe ilikuwa inaepukika tangu mchana.

Jua msimu wenyewe ni upi. Wengi wanafikiria Krismasi na mwaka mpya tu. Wageni wanajaa kuanzia mwisho wa Juni mpaka Oktoba, halafu tena kuanzia katikati ya Disemba mpaka Februari. Paje, Bwejuu na Jambiani kuna jambo la ziada: miezi hiyo ndiyo kusi na kaskazi zinavuma sawasawa, na wanaokuja kucheza kaiti, ule mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, hawalali usiku mmoja wakaondoka. Wanachukua chumba wiki nzima, pengine mbili. Kwa hiyo ile hesabu ya "kesho asubuhi lazima mtu atatoka" isahau. Ongeza na shughuli zetu wenyewe: Idi, ambayo Zanzibar tunaisherehekea siku nne, Mapinduzi tarehe 12 Januari, tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa Februari, Mji Mkongwe unapofurika, Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, kule Makunduchi mwezi wa Julai, tamasha la Kizimkazi mwezi wa Agosti. Kendwa nayo ina sherehe yake ya ufukweni mwezi ukiwa mpevu, usipeleke wazee siku hiyo ukitarajia chumba wala usingizi. Ukitaka kutembea bila kuwaza kitanda, njoo masika, Aprili na Mei, ila ujue mvua ni mvua kweli na baadhi ya hoteli zinafunga.

Kitambulisho beba, cha kila mtu mzima kwenye gari. Gesti nyingine zitakuuliza na cheti cha ndoa. Usigombane na kijana wa mapokezi, ametumwa.

Pesa taslimu beba. Mashine za kutolea pesa ukishatoka mjini ni za kuhesabu, na mtandao wa simu una siku zake.

Sasa simu. Piga, usiandike ujumbe ukasubiri. Nyumba ndogo za huku zinaandikisha chumba kilekile kwenye programu mbili tatu, na juu ya hizo kuna daftari la mkono pale mezani. Msimu ukichanganya, daftari ndilo lenye ukweli. Chumba unachokiona wazi kwenye simu yako saa nane mchana kinaweza kuwa na mtu ndani tangu jana. Ukipiga, uliza yote: bei ni ya chumba au ya kichwa? Ni shilingi au dola? Kuna bei ya mkaazi? Kodi ya miundombinu, ile inayotozwa kila mtu kila usiku, imo ndani ya bei au inakuja baadaye? Chai ya asubuhi imo? Maji ya bombani ni matamu au ya chumvi? Umeme ukikatika kuna jenereta, na linawashwa usiku kucha au mpaka saa sita tu? Mwenye nyumba anayejibu haya bila kujiuma ndiye wa kulala kwake.

Akikwambia chumba kipo, bado huna chumba. Muulize arubuni ni kiasi gani na bila arubuni atakushikia mpaka saa ngapi. Mimi nilikuwa nashika mpaka Magharibi; baada ya hapo anayefika na pesa mkononi ndiye mwenye ufunguo, na huwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Ukituma arubuni kwa simu, tazama jina linalojitokeza kabla hujaweka namba ya siri. Liwe jina la nyumba au la mtu uliyetajiwa. Jina likija lingine, simamisha, piga tena, uliza. Wapo watu msimu huu ambao kazi yao ni kuweka picha za nyumba isiyo yao na kupokea arubuni za familia sita kwa chumba kimoja. Picha nzuri haina thamani yoyote. Mwambie akupigie simu ya video, asimame mlangoni akuoneshe kitanda na choo. Mwenye chumba hakatai.

Hayo yote unaweza kuyafanya barabara na bado ukalala kwenye gari, kwa sababu ya hili ninalotaka ulishike kuliko yote: tazama barabara, usitazame ramani. Watu wanasikia kisiwa chenyewe ni kilomita 85 kwa urefu, wanasema ni kidogo, tukikosa hapa tutasogea pale. Lakini barabara za Unguja zimekaa kama vidole, kiganja ni mjini. Kutoka kidole kimoja kwenda kingine mara nyingi inabidi urudi kuelekea kiganjani. Pwani haina barabara moja inayoifuata kutoka Makunduchi mpaka Nungwi.

Niliona tabu ya jambo hili kwa macho yangu usiku wa kuamkia tarehe 31 Disemba. Ilikuja Noah ya kukodi, ndani baba na mama, watoto watatu na bibi yao, wametoka Morogoro. Walikuwa wamekosa chumba Paje, wamekosa Jambiani, mtu akawapa namba ya nyumba moja Pongwe. Wakapiga, chumba cha familia kipo, wakatuma arubuni, wakaoneshwa kitanda kwenye video. Kila kitu walikifanya sawa. Yule baba akafungua ramani, akaona Pongwe iko kaskazini, na yeye yuko kwenye barabara ya pwani inayokwenda kaskazini. Akakanyaga mafuta. Akapita Bwejuu, akapita Dongwe, akaingia Michamvi, na pale barabara ikaisha. Mbele yake ni Ghuba ya Chwaka. Ukisimama Michamvi Kae usiku unaziona taa za Chwaka ng'ambo ya maji, karibu kabisa, unadhani ukiita watakusikia. Gari haipiti. Hakuna daraja, hakuna pantoni. Kwenda Pongwe kutoka pale unarudi Bwejuu, unarudi Paje, unapita Kitogani na msitu wa Jozani, unakwenda mpaka upande wa Tunguu, unakatisha Koani na Dunga, ndipo ushike barabara ya Chwaka, kisha Uroa, kisha Pongwe. Mchana ni zaidi ya saa nzima hata njia ikiwa nyeupe.

Walirudi wakaona taa yetu. Yule baba alinionesha simu yake, kidole chake kiko juu ya maji ya ghuba, ananiuliza, "Dada, hapa hapapitiki?" Taa ya kuonya mafuta kwenye gari yao ilikuwa imeshawaka. Nilimpigia mwenzangu wa Pongwe, akasema atawashikia mpaka saa tano. Ilikuwa imebaki nusu saa. Mume anataka kujaribu, mke amenyamaza, watoto wanalia kwa zamu. Bibi akafungua mlango mwenyewe, miguu imevimba kwa kukaa, akasema, "Mwanangu, mimi nipeni mkeka." Nikamwamkia, nikampa kitanda changu cha chumba cha wafanyakazi. Mama na watoto tuliwatandikia mikeka barazani na chandarua kimoja kikubwa. Yule baba alilala kwenye gari, madirisha wazi, akapigwa na mbu mpaka alfajiri. Arubuni ya Pongwe ilipotea, na siwezi kusema mwenzangu alifanya vibaya.

Kwa hiyo, kabla hujapiga simu ya kwanza, amua uko kwenye barabara ipi na utafute chumba kwenye barabara hiyohiyo. Ukiwa Paje, maeneo yako ni Bwejuu, Dongwe na Michamvi upande mmoja, Jambiani na Makunduchi upande wa pili. Ukiwa Kiwengwa, una Pwani Mchangani na Matemwe juu, Pongwe, Uroa na Chwaka chini. Kutoka Kiwengwa kwenda Nungwi njia ya kawaida inakuingiza ndani mpaka Mkwajuni, ndipo upande juu. Kizimkazi ukikosa, hakuna kuambaa na pwani kurudi mjini. Unatoka tena mpaka Kitogani. Mtu akikutajia nyumba, usimuulize ni umbali gani, muulize napita wapi.

Na weka saa ya kukata tamaa. Mimi nasema saa kumi alasiri. Ikifika hapo huna chumba kilicholipiwa arubuni, geuza gari rudi mjini wakati bado kuna mwanga. Paje mpaka mjini ni kama kilomita 50, Nungwi inazidi kidogo hapo. Mjini simaanishi hoteli za Mji Mkongwe zenye vitanda vya nakshi, hizo zimejaa kama kwingine. Nasema gesti za kawaida za Malindi karibu na bandari, za Ng'ambo, ile mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na za njia ya uwanja wa ndege, wanakolala wafanyabiashara wa Pemba na wa Dar. Hazina bahari mlangoni, lakini kitanda kisafi, feni inazunguka, na asubuhi unapata chai na chapati hatua mbili kutoka mlangoni. Lala, kisha kesho saa moja asubuhi anza kupiga simu wakati wanaotoka wanarudisha funguo. Saa tatu mpaka saa tano asubuhi ndiyo saa nzuri ya kupata chumba msimu huu, wala si jioni.

Kuna wanaosema watalala kwenye gari ufukweni. Usifanye hivyo na watoto. Pwani ya mashariki maji yakikupwa yanakwenda mbali mpaka huyaoni, mchanga unaonekana mgumu, mtu anateremsha gari chini anaegesha vizuri kabisa. Yanarudi baada ya muda wa saa sita hivi, na wakati wa bamvua, maji makubwa, yanafika mpaka kwenye kuta za hoteli. Nimeona gari imesukumwa na kijiji kizima, maji yameshaingia kwenye matairi, na mwenye gari analia. Ukilazimika kweli kulala garini, ingia kwenye geti la hoteli, zungumza na mlinzi kwa adabu, omba uegeshe ndani. Wengi wanakubali.

Ukikaribishwa nyumbani kwa mtu, shukuru, lakini mwenyeji wako apeleke taarifa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Ndiyo utaratibu wa huku na unakulinda wewe mwenyewe. Vaa nguo ya heshima, mnatazamwa na wazee na watoto wa madrasa. Usiulize bia.

Mapapasi, wale wanaotafutia wageni vyumba kwa kamisheni, watakufuata na vespa, "bosi, chumba kipo". Wapo waaminifu, ila kamisheni yake inaingia kwenye bei yako, kwa hiyo ulizia bei kwa mwenye nyumba mwenyewe kabla hujashusha begi.

Pemba ni hesabu nyingine. Vyumba vya mtu wa kawaida viko Chake Chake, Wete na Mkoani. Kwenye fukwe za kaskazini hoteli ni chache na bei zake si za kukurupuka. Nenda Vumawimbi mchana, tembea, oga, lakini rudi Wete kulala. Ile njia ya kutoka Konde kwenda Ras Kigomasha inapita ndani ya msitu wa Ngezi, na usiku ni giza tupu. Ukishuka boti Mkoani jioni, lala Mkoani au nenda Chake moja kwa moja, usianze kutafuta bahari.

Mafuta jaza mjini, vituo vya nje ya mji ni vichache na vingine vinafunga mapema. Leseni na karatasi za gari ziwe karibu na mkono, polisi wapo barabarani. Baada ya Magharibi punguza mwendo: kuna ng'ombe, kuna baiskeli zisizo na taa, kuna watoto wanaotoka madrasa wamevaa kanzu wanatembea ukingoni mwa lami. Maji ya kunywa, dawa za watoto, kanga mbili tatu za kujifunikia, tochi, dawa ya mbu. Simu ziwe mbili, mitandao tofauti, zote zina chaji, na namba ya nyumba unayokwenda iandike kwenye karatasi. Bahari usiingie usiku hata mkiwa wengi. Na huyo mwenye nyumba, ukiona umechelewa, mpigie mapema umwambie uko wapi. Anayejua uko Kitogani unakuja atakuwekea ufunguo kwa mlinzi.